Paka Mwekundu na Kiapo Alichokikataa Nyanya

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba viumbe na kuvivika manyoya ya kila rangi bila kumwomba mtu ushauri, anayeificha haki kwa muda aupendao Yeye kisha akaitoa mchana, watu wakiwa macho. Namshukuru kwa uhai mrefu, kwa masikio ambayo bado yanasikia adhana, na kwa subira, ambayo sikuzaliwa nayo bali alininywesha kidogo kidogo kama mgonjwa anyweshwavyo maji kwa kijiko. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Haya ninayoyaandika ni ya mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Nimeyanyamazia muda mrefu kwa sababu nilikuwa nasubiri jibu la mtu mmoja.

Mwezi uliopita nilikwenda hitima Garsen. Tulikuwa wanawake wengi uani, tumekaa juu ya majamvi, masinia ya mchele magotini, tunachambua na kuzungumza. Akaingia bibi mmoja ameshikwa mkono na mjukuu wake, buibui lake jipya, miguu imevimba kwa safari ya basi kutoka Lamu. Sikumtambua mpaka alipocheka. Alikuwa Fatma binti Abudi, ambaye baba yake alikuwa na duka karibu na kivuko, na ambaye sikumwona kwa zaidi ya miaka sitini. Hata salamu hazikwisha. "Hawa!" akasema kwa sauti, ili wote wasikie. "Bado mwafuga wale wekundu wenu?" Wanawake wakacheka, kwa kuwa wote wanajua nyumbani kwangu hakukosekani paka mwekundu. Mimi sikucheka. Nikasema, "Twafuga. Na wewe bado hujanijibu swali langu." Uso wake ukabadilika, nikajua kwamba hakulisahau swali lile hata siku moja.

Wajukuu zangu husema paka wa rangi ya chungwa. Sisi tulisema mwekundu, kama tusemavyo ng'ombe mwekundu, na sitabadilisha neno uzeeni. Mwekundu wa kwanza niliyemjua aliitwa Sultani, dume la Bwana Abudi. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye giza, kinanuka mafuta ya taa, tumbaku, na samli ambayo Waorma, wafugaji wa jirani, waliileta katika vibuyu. Sultani alilala juu ya gunia la sukari mchana kutwa. Ukimtazama kivulini ulidhani ni wa rangi moja, lakini mlango ulipofunguliwa na jua likampiga, mistari yake ilitokea mwili mzima, na puani alikuwa na vidoa vyeusi kama aliyenusa masizi. Kila mteja alimpapasa. Bwana Abudi alikuwa na hotuba yake, nami niliisikia kila wiki nilipofuatana na nyanya yangu kuuza mchele na ndizi: "Mweusi ana hila. Wa kijivu mwizi. Mwekundu ni paka wa kifalme, hana shari na mtu. Na hapa dukani haingii dume jingine. Mlango nafunga mwenyewe." Wanaume waliokaa juu ya magunia wakinywa kahawa ya tangawizi walitikisa vichwa. Mimi leo, baada ya kufuga wekundu umri wangu wote, nasema hotuba ile ilikuwa upuuzi. Nimekuwa na mwekundu mvivu, na mwekundu aliyeiba samaki jikoni kwa Maalim wetu wa Kurani, na mwekundu mmoja aliyelala na vifaranga bila kuwagusa. Sultani alikuwa mpole kwa sababu tangu alipofungua macho mikono ya watu ilimlisha. Wengi wa wekundu ni madume, na dume hutembea na kujitokeza, basi watu wakiona ujasiri husema ni rangi. Rangi ni ya manyoya. Tabia ni ya mikono iliyomlea na ya Mungu aliyempa moyo wake.

Nyanya alipokuwa anauza, mimi nilikuwa nyuma ya duka na Fatma. Tulikuwa rika moja. Mama yake alitupatia mkate wa mofa wa moto tukauchovya katika chai, na chini ya kitanda cha kamba mlikuwa na Kaniki, paka jike mweusi kama nguo aliyopewa jina lake, pamoja na watoto wake. Nyanya alikuwa amenifundisha kuwatambua madume na majike kwa kuinua mkia, akaniusia nisifanye hivyo mbele ya wageni, nami nikamfundisha Fatma. Tuliwapa watoto wale majina. Majike walikuwa na mabaka meusi na mekundu, kama waliomwagikiwa na binzari, na hao Bwana Abudi aliwaacha wakue. Madume aliwagawa mapema kwa madereva wa malori na watu wa kivukoni, lakini kabla ya kuwagawa tulikuwa tumeshawaita: Makaa, Masizi, Wino, Chungu. Majina yale yanatosha kueleza rangi zao. Baba yao alikuwa juu ya gunia la sukari, mwekundu kama moto, na hakuna mtu mzima katika duka lile aliyewahi kushangaa.

Kwetu kulikuwa nusu saa kwa miguu kutoka Garsen, kando ya mto. Paka wetu aliitwa Leso, jike wa mabaka meusi na mekundu, mwembamba, mkali, na kazi yake ilikuwa kulinda uchaga ambamo Nyanya aliweka mpunga, ule wa kula na ule wa mbegu. Mwaka ule mto ulipanda kwa pupa. Siku maji yalipovuka kingo tulikuwa Garsen. Nyanya alinunua chumvi na mafuta ya taa, akavitia kikapuni, akakifunika kwa kanga maana mvua ilikuwa inanyesha, tukapanda mtumbwi wa mwisho uliokubali kuondoka. Bwana Abudi alisimama mlangoni akituangalia tunavyokwenda. Naukumbuka mlango ule, na jinsi alivyokiangalia kikapu.

Miezi mitatu kijiji chetu kilikuwa kisiwa. Tulikula kambare asubuhi na kambare jioni, mpaka watoto wakawa wanalia wakisikia jina lake, na ndizi mbichi za kuchemsha, na wali kidogo, wa kuupa mdomo ahadi tu. Panya walikimbia maji wakapanda kwetu. Ukilala ulisikia nyayo zao darini. Nyumba mbili jirani zilipoteza mbegu yote. Ya kwetu haikuguswa, kwa sababu Leso alikaa juu ya uchaga kama askari, na alipochoka alisaidiwa na paka wa Maalim, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, dume jeusi lenye sikio lililopasuka. Hakukuwa na dume jingine katika kisiwa chetu, na hilo lilijulikana na wote, kwa kuwa kisiwa kile ungekizunguka kabla uji haujachemka. Maji yalipoanza kupungua Leso akazaa watoto watatu ndani ya ungo: jike mmoja mweusi, na madume wawili wekundu. Mmoja hakuishi siku tatu. Yule wa pili aliishi, na tangu macho yamefungwa alikuwa anamkoromea kila anayeusogelea ungo. Nyanya akamwita Mbishi. "Mbegu ya mwaka ujao," akaniambia, "iko kwenye meno ya huyu. Leso anazeeka."

Njia ilipokauka, Bwana Abudi alikuja mwenyewe, viatu mkononi, kanzu imepandishwa. Sultani alikuwa amepotea siku ileile ya maji, na Bwana Abudi alikuwa amemtafuta mpaka kwa watu wa kivuko. Nyanya alimkaribisha maji ya kunywa. Aliyapokea, akamwona Mbishi mlangoni, akayaweka chini bila kuyanywa. "Bi Habiba," akasema, "mwekundu huyu umempata wapi?"

"Kazaliwa hapa, baba. Mama yake yule."

"Na baba yake?"

"Dume la Maalim. Kuna mwingine?"

Bwana Abudi akacheka cheko la mtu aliyepata alichokitafuta. "Mweusi azae mwekundu? Bi Habiba, mimi ni mtu mzima. Paka wangu alipotea siku uliyoondoka na kikapu kimefunikwa. Sasa maji yamekuzunguka miezi mitatu, na nyumbani kwako mna damu yake. Mfupa wake uko wapi?" Akaondoka. Maji yale Nyanya aliyamwaga kwenye mche wa ndizi, polepole, asimwage hata tone nje ya shimo.

Kabla ya Ijumaa neno lilikuwa limefika kila jiko. Nililisikia mtoni nilipokwenda kuteka. Mwanamke mmoja alisema hakutegemea jambo kama hilo kwa mtu wa swala tano. Mwingine akamjibu kwamba njaa haina swala. Watoto wakatunga wimbo, na waliponiona walipiga madebe: "Sultani yuko wapi? Yu kikapuni! Kikapu kiko wapi? Kwa Nyanya!" Nilipigana na wawili kati yao na nikapoteza kanga. Nataka msomaji aelewe kwa nini watu wema waliamini. Kwetu mtoto huulizwa ni wa nani, na jibu ni jina la baba. Ukoo hutoka kwa baba, shamba hutoka kwa baba, na wafugaji waliotuzunguka hutafuta fahali wa rangi wanayoipenda. Basi kila mtu alikuwa amekwisha kujibu kabla ya kuuliza. Mtoto mwekundu, baba mwekundu. Kama baba mwekundu hayupo, ameibwa.

Baraza liliwekwa kwenye kibaraza cha Maalim, baada ya swala ya alasiri. Bwana Abudi alikuja na Galgalo, Mworma aliyemuuzia samli, mzee aliyeheshimiwa kwa kujua mifugo. Fatma naye alikuja, akakaa mlangoni upande wa wanawake, nami nilifurahi kumwona. Galgalo alipoulizwa alisema kwa Kiswahili chake kifupi, "Fahali mwekundu, ndama mwekundu. Hii mtoto ya jana najua."

Nyanya akamgeukia. "Mzee Galgalo, ng'ombe wako ana pembe?"

"Iko."

"Paka wangu hana. Basi usimpimie kwa ng'ombe." Watu wakacheka, na Galgalo mwenyewe akafunika mdomo kwa shuka.

Maalim alisema kwamba katika sheria mtoto wa mnyama ni wa mwenye mama, na kwa hiyo hakuona kesi. Bwana Abudi hakukataa. "Mtoto ni wake, Maalim. Mimi namtafuta baba, na mtoto ndiye shahidi. Bi Habiba na aape kwa msahafu kwamba Sultani hakuingia kikapuni mwake, nami nitanyamaza. Akikataa kuapa, basi anipe huyu mwekundu badala ya wangu, na watu wajue wamwite nani."

Nyanya alikuwa amekaa mguu mmoja umekunjwa, Mbishi ndani ya kanga yake akimkwaruza. Hakuinua sauti. "Msahafu nausoma kila alfajiri, Bwana Abudi. Siushiki kwa ajili ya mkia wa paka. Nimesema sikumchukua. Asiyeniamini kwa neno langu, hataniamini kwa kiapo changu. Siapi."

Kibaraza kizima kiliguna. Kwa watu wengi, pale ndipo kesi ilipokwisha. Anayekataa kuapa ana lake. Nilimwona hata Maalim akitazama mikono yake. Hapo nikasimama, sijui kwa nguvu za nani. Mtu akasema, "Haya, sasa na wasichana wanasimama barazani!" Mwingine akasema niketishwe. Maalim akasema, "Ulimi huu nimeufundisha mimi. Mwacheni."

Nikamtazama rafiki yangu. "Fatma. Kaniki wenu amezaa na Sultani mara tatu, humo dukani, mlango unafungwa na baba yako. Katika madume wake wote, ulimshika mwekundu hata mmoja?"

Nilikuwa nimelifikiria jambo lile usiku na mchana. Kama rangi ya dume hutoka kwa baba, madume wa Kaniki wangekuwa wekundu. Hawakuwa. Walikuwa na rangi ya mama yao. Na Mbishi ana rangi ya mama yake, lile baka jekundu la Leso, na Leso hakuibwa na mtu. Sikuhitaji kitabu. Nilihitaji Fatma afungue mdomo ataje majina manne tuliyoyatunga pamoja chini ya kitanda. Fatma aliangalia miguu yake. Baba yake alimtazama, kisha akatutazama sisi, na kwa mara ya kwanza nikaona hana hakika. Kisha Fatma akasema, kwa sauti ndogo, "Sikumbuki."

Nilikaa. Bwana Abudi akasema paka wa dukani si kesi. Maalim akasema pasipo ushahidi hakuna hukumu, kila mtu aende kwake. Nyanya akasimama na Mbishi kifuani. "Huyu hatoki," akasema. "Anayemtaka na anyooshe mkono wake mwenyewe, amtoe kwangu." Alisimama muda mrefu akingoja, na mwisho Bwana Abudi akatafuta viatu vyake.

Kwa hiyo Mbishi alibaki, na kwa miaka kumi hakuna panya aliyeonja mpunga wetu. Hakuwa mpole kama mwekundu wa hotuba. Alimng'ata Maalim mara mbili, na hakukubali kupapaswa na mtu isipokuwa Nyanya, na kwake pia kwa masharti. Lakini lile neno nalo lilibaki. Duka la kivukoni halikutuuzia tena, tukapika kambare bila chumvi mpaka lilipofunguliwa jingine. Nyanya hakubadilisha njia yake wala hakuinamisha kichwa alipopita pale. Alisalimia, wasipoitikia akasalimia tena, kwa nguvu zaidi. Nilipomwambia siku moja kwamba angeapa tu tungepumzika, alinijibu, "Mimi nimepumzika. Wanaohangaika ni wao." Alifariki nikiwa na watoto watatu. Siku ya maziko yake, nilimsikia mtu nyuma ya nyumba akimwambia mgeni, bila ubaya wowote, kama anayeonyesha njia: "Ndiye yule bibi wa paka wa Abudi." Kulisikia neno hilo likifutwa ndiko nilikokusubiri miaka yote hii. Sikutaka kingine.

Mjukuu wangu Salma ni mwalimu wa sayansi. Siku moja alinichorea miraba kwenye karatasi ya sukari. Akasema dume huipata rangi hii kwa mama yake peke yake, kwa kuwa baba hana cha kumpa mwanawe wa kiume katika jambo hili. Jike hupata fungu kwa baba na fungu kwa mama, ndiyo maana wenye mabaka meusi na mekundu karibu wote ni majike, na ndiyo maana jike mwekundu mtupu ni adimu, mpaka wazazi wote wawili wakubaliane. Nikamwambia, "Mimi nililijua hilo nikiwa mdogo kuliko wanafunzi wako."

"Nani alikufundisha, Bibi?"

"Kaniki."

Sasa narudi uani kwenye hitima. Fatma aliketi karibu yangu, magoti yakilia. Mjukuu wake akaambiwa akalete maji. Fatma akaninong'oneza, "Hawa, nisamehe." Nikamjibu kwa sauti ya kawaida, siyo ya kunong'ona, "Nilikusamehe kabla sijaolewa. Lakini msamaha ni wangu, na jibu ni la Nyanya. Nijibu hapa, wasikie hawa." Wanawake waliacha kuchambua.

Fatma akapumua. "Wallahi..." akaanza.

"Usiape," nikamwambia. "Nyanya hakuapa. Sema tu."

Akafumba macho. "Makaa," akasema. "Masizi. Wino." Akasita, nami sikumsaidia. "Chungu. Wote weusi. Hapakuwa na mwekundu hata mmoja. Na Sultani hakuchukuliwa na mtu. Alikuwa analia mlangoni siku ile ya maji, nami nikamfungulia mlango wa nyuma. Niliogopa nikikujibu moja, baba ataniuliza la pili." Akafungua macho akawatazama wanawake, mmoja baada ya mwingine. "Bi Habiba hakuiba."

Bibi mmoja wa upande wetu, ambaye utotoni alikuwa na debe kubwa kuliko wote katika wimbo ule, akasema, "Mungu amrehemu." Tukaitikia amina, sote, na Fatma kwa sauti kuliko sisi. Kisha tukarudi kwenye mchele, kwa maana wageni walikuwa wanakuja na sufuria zilikuwa zinachemka.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akulinde na ulimi wa watu, na awalinde nao na ulimi wako. Akupe neno ambalo halihitaji kiapo, na umri wa kutosha kulisikia likithibitishwa. Panya wasiijue mbegu yako. Na mnyama atakayeingia mlangoni kwako, wa rangi yoyote, akute mkono mwema. Amina.